Timu Ikifungwa, Nani Anaamua? Mbinu za Kuikinga Klabu na Presha ya Nje

Novemba 5, 2023, Simba ilifungwa mabao 5-1 na Yanga kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Novemba 7 kocha Roberto Oliveira, Mbrazili ambaye mashabiki walimzoea kwa jina la Robertinho, hakuwa tena na kazi. Wiki mbili tu nyuma, timu hiyohiyo ilikuwa imetoka sare mara mbili na Al Ahly ya Misri katika African Football League, 2-2 Dar es Salaam na 1-1 Cairo, na watu wakaipigia makofi. Aliyepewa timu baadaye, Abdelhak Benchikha kutoka Algeria, aliondoka Aprili 2024. Simba ikamaliza ligi nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Azam, na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikapotea.

Msimu uliofuata, klabu hiyohiyo ilifungwa na Yanga mara mbili ndani ya miezi mitatu: 1-0 kwenye Ngao ya Jamii Agosti 2024, kisha 1-0 tena kwenye ligi Oktoba, kwa bao la kujifunga katika dakika za lala salama. Kelele za mtaani zilikuwa zilezile. Safari hii kocha, Fadlu Davids, alibaki. Mei 2025 Simba ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Haikulichukua kombe, lakini fainali ya Afrika hawakuwa wameiona tangu 1993.

Sisemi kwamba kumvumilia kocha peke yake ndiko kulikoleta fainali. Kikosi nacho kilikuwa kimesukwa upya. Ninachosema ni kwamba presha ya nje ilikuwa ileile, kilichobadilika ni majibu ya ndani. Na kila jibu la viongozi ni somo kwa waliomo ndani. Kocha akitimuliwa siku ya pili baada ya kipigo, mchezaji anajifunza kwamba sauti inayosikilizwa hapa ni ya jukwaani. Kocha ajaye anajifunza kwamba mechi moja ina uzito kuliko kazi ya miezi kumi, hivyo kijana wa miaka 18 hatampanga. Hata mtunza vifaa anajifunza ni simu ya nani ipokelewe kwanza. Masomo hayo yakirudiwa misimu miwili mitatu, ndiyo yanakuwa utamaduni wa klabu, hata kama ukuta wa ofisi mmeupamba kwa maneno ya umoja na nidhamu.

Makala hii nawaandikia viongozi wa klabu za Championship, First League, ligi za mikoa na timu za mtaani zenye jina kwao. Simba na Yanga wakikosea, dirisha dogo wanaingia sokoni na kurekebisha. Ninyi mna basi moja la kukodi na mfadhili mmoja anayepokea simu anapotaka. Kosa la usiku mmoja linaweza kuwashusha daraja.

Anzeni kwa kuwajua wanaowasukuma

Kabla ya msimu, kaeni watu watatu: katibu, kocha mkuu na nahodha. Andikeni kwenye karatasi moja kila anayeweza kuipa klabu presha. Wapo mashabiki na matawi yao, mfadhili, diwani na mbunge, redio ya mkoa, mawakala wa wachezaji, wazazi wa vijana wa timu B, watu wa kubeti. Kama timu ni ya halmashauri, kama KMC ilivyo ya Kinondoni, ongezeni madiwani wanaopitisha bajeti. Kama ni ya chombo cha ulinzi, ongezeni wakubwa wa kikosi. Mbele ya kila jina jibuni maswali matatu: anataka nini hasa, ana nguvu gani juu yetu, na ndani yetu nani anafaidika akisikilizwa.

Swali la tatu ndilo litakalowatoa jasho, na msilikwepe. Presha ya nje haifiki chumba cha kubadilishia nguo bila mwenyeji. Kikosi kikivuja saa nne kabla ya mechi, kuna aliyekitoa. Redio ikijua kwamba kocha na mshambuliaji walitupiana maneno Jumanne mazoezini, kuna aliyepiga simu. Mara nyingi ni kocha msaidizi anayeitaka timu, mjumbe wa kamati anayejiandaa na uchaguzi, au mchezaji asiyepangwa. Anayeifuatilia historia ya migogoro ya Yanga, kuanzia ule wa miaka ya 1970 uliozaa klabu ya Pan African hadi mvutano wa Yanga Asili na Yanga Kampuni, atakuta makundi ya ndani na wakubwa wa nje wakitafutana kila upande kwa faida yake.

Msianze kumsaka mvujishaji. Msako huo wenyewe utawagawa, na atakayekamatwa atakuwa mnyonge kuliko wote. Ondoeni faida anayoitafuta. Mkataba wa kocha msaidizi useme wazi kitakachotokea kocha mkuu akiondoka: atashika timu kwa mechi ngapi, na nani atamchagua wa kudumu. Mjumbe anayegombea uongozi asizungumzie masuala ya ufundi kwenye chombo chochote cha habari. Mchezaji asiyepangwa aambiwe sababu na kocha mwenyewe, ana kwa ana, kabla orodha haijasomwa. Hilo la mwisho ni jambo dogo na halina gharama, lakini sijaona linalopunguza uvujaji wa habari kuliko hilo. Mtu aliyeheshimiwa hana haraka ya kwenda kulalamika nje.

Siku tatu baada ya kipigo

Kama mtachukua jambo moja tu katika makala hii, chukueni hili: ndani ya saa 72 baada ya mechi yoyote, klabu haifanyi uamuzi wowote kuhusu kocha, nahodha au mchezaji, isipokuwa kosa la nidhamu lenye ushahidi. Kanuni hiyo iandikwe na kusainiwa na kamati nzima ya utendaji kabla ya mechi ya kwanza ya msimu. Usiku wa kipigo hakuna atakayekubali kuisaini, ndiyo maana inasainiwa mapema.

Saa hizo 72 zina kazi zake. Usiku wa mechi, afisa habari anatoa taarifa ya mistari minne: matokeo, shukrani kwa waliosafiri na timu, hali ya majeruhi, mechi ijayo. Basi. Siku inayofuata ni ya mchua misuli, mapumziko na chakula, na viongozi wanakaa mbali na kambi. Siku ya pili kocha anakaa na wachezaji kuangalia mechi. Kama hamna video yenu, hata iliyorekodiwa kwa simu kutoka jukwaani inatosha. Katika kikao hicho hayumo mwenyekiti wala mfadhili. Siku ya tatu kocha anakuja mbele ya kamati na ukurasa mmoja: tulipanga nini, nini hakikufanyika, nitabadilisha nini. Kamati inauliza maswali, inaandika muhtasari, inafunga.

Tathmini ya kocha nayo iwe na tarehe zake, kwa mfano baada ya mechi ya 10, ya 20 na mwisho wa msimu. Pimeni pointi, ndiyo, lakini pimeni pia vijana wangapi wamepewa dakika, majeruhi wangapi wametokea mazoezini, na kama timu inaonekana kufuata mpango. Kocha anayejua atapimwa lini na kwa vigezo gani anafanya kazi. Asiyejua anahesabu mechi zilizobaki kabla ya kufungashiwa virago.

Kuna atakayenijibu kwamba Novemba 2024 Yanga iliachana na Miguel Gamondi, kocha aliyewapa ubingwa, baada ya kufungwa 1-0 na Azam na 3-1 na Tabora United, na bado ikautetea ubingwa msimu huohuo. Ni kweli. Lakini katika msimu huo mmoja benchi lilipita mikononi mwa Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi, na klabu ikahimili kwa sababu ilikuwa na kikosi kipana chenye wachezaji waliokwishajua kushinda. Klabu yenye wachezaji 22 na mishahara ya kuungaunga haiwezi kubeba makocha watatu. Kila kocha anakuja na watu wake, mazoezi yake na lawama zake kwa aliyemtangulia.

Tuhuma ya kuuza mechi

Katika soka letu hakuna presha inayoharibu chumba cha wachezaji kama hii, kwa hiyo naomba tuikalie.

Tuchukue kipa wa klabu ya mkoa. Krosi inamteleza dakika ya 88, timu inafungwa 1-0 na watani wa jadi. Kabla hajavua glovu, jukwaani wanaimba kwamba ameuza mechi. Usiku kiongozi mmoja anampigia na kumuuliza jana alikuwa na nani, na kwa nini simu yake ilikuwa bize saa mbili usiku. Asubuhi mazoezini anakuta glovu alizozoea kuzivaa ziko kwenye mfuko wa kipa wa tatu. Hakuna aliyemtangazia adhabu. Kila mtu ameelewa.

Sasa itazameni timu hiyo Jumamosi inayofuata. Kipa mpya anapiga ngumi kila krosi, hata zile za kudaka, kwa sababu mpira wa ngumi ukirudi na kuingia lawama inawaendea mabeki. Beki wa kati harudishi pasi kwa kipa, anabutua mbele. Viungo wanapasiana pembeni, hakuna anayejaribu pasi ya kupenya, maana pasi ya kupenya ikinaswa huonekana kama zawadi kwa mpinzani. Ikipatikana penalti, mpigaji anayeaminika anainama kufunga kamba za viatu mpaka mwenzake auchukue mpira. Kocha atasema timu imekosa kujiamini. Timu haijakosa chochote cha mpira. Imejifunza kwamba hapa kosa la mchezo linahesabiwa kuwa usaliti.

Utaratibu wa kulizuia hili si mgumu. Mwenye tuhuma aipeleke kwa katibu kwa maandishi, kwa jina lake, pamoja na ushahidi alionao. Kamati ya nidhamu iisikilize ndani ya siku saba, mchezaji akiwepo na nahodha akiwepo. Hadi hapo, hakuna kiongozi anayeruhusiwa kulitaja jambo hilo hadharani wala kwenye kundi la WhatsApp la klabu. Ushahidi ukikosekana, klabu itoe taarifa ya maandishi kwamba inamwamini mchezaji wake. Kiongozi aliyemtuhumu redioni aombe radhi redioni.

Ushahidi ukiwepo, msiufiche. Upangaji wa matokeo upo duniani, na kanuni za maadili za FIFA zinamkataza mchezaji, kocha na kiongozi kubeti mechi za soka. Wasomeeni wachezaji kanuni hiyo kwa Kiswahili, waambieni kwamba kubeti kwa akaunti ya kaka au rafiki ni kubeti vilevile, na wapeni namba ya mtu mmoja wa kumpigia wakifuatwa na mtu mwenye pesa. Klabu inayomtuhumu kila anayekosea inajiziba masikio siku tuhuma ya kweli itakapokuja. Na kumbukeni mtu wa kupanga matokeo humwendea nani: mchezaji asiyelipwa mshahara kwa miezi mitatu. Kwa hiyo kinga ya kwanza iko kwa mweka hazina.

Pesa ya nje ipite mezani

Agosti 2019 kampuni ya kubeti ya SportPesa, ikiwa katika mvutano na serikali ya Kenya juu ya kodi na leseni, ilisitisha udhamini wake wote wa michezo nchini humo. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu kongwe zenye mashabiki lukuki, zikajikuta msimu unaanza bila mdhamini mkuu. Mishahara ikachelewa, wachezaji wakaanza kuondoka. Uwanjani hakuna kosa lililokuwa limefanyika. Ugomvi ulikuwa wa watu wengine, lakini njaa ikaingia kambini.

Klabu ndogo haiwezi kumkataa mfadhili mkubwa, na mimi sishauri hivyo. Nashauri pesa yake isiwe ya mdomo. Muwe na mkataba wa maandishi wa msimu mzima, hata wa ukurasa mmoja, unaotaja kiasi, tarehe za kulipa, na notisi ya siku 90 kama anataka kujitoa. Pesa yake iende kwanza kwenye vitu ambavyo mkivikosa timu inasimama: mishahara, usafiri, kambi. Usajili wa mchezaji mkubwa kwa ahadi ya mfadhili ndio shimo ambalo klabu nyingi zimetumbukia. Mfadhili akiondoka, mkataba wa mchezaji unabaki shingoni mwa klabu, na mchezaji wa kigeni asiyelipwa hupeleka shauri FIFA, ambako klabu hufungiwa kusajili mpaka ilipe.

Mkataba huo useme pia mambo ambayo mfadhili hafanyi. Hapangi kikosi. Hampigii kocha siku ya mechi. Haingii chumba cha kubadilishia nguo wakati wa mapumziko. Mwambieni mapema, kwa heshima, mkiwa mmekaa mnakunywa chai, na mpeni nafasi yake halali: kikao cha kila mwezi anachosomewa mapato na matumizi, na kiti chake jukwaani. Wafadhili wengi wanaoingilia hufanya hivyo kwa sababu hakuna anayewaeleza pesa yao imekwenda wapi.

Kisha kuna motisha. Februari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi shilingi milioni 5 kwa kila bao ambalo Simba na Yanga zingefunga katika mashindano ya Afrika, ahadi ambayo watu waliipa jina la goli la mama. Iliamsha hamasa kubwa, na viongozi wa mikoa na matajiri wa timu ndogo wakaona njia ya kuunga mkono timu zao. Jambo jema. Lakini klabu inayopokea pesa ya namna hiyo bila kanuni ya mgao inajitafutia ugomvi. Bao amefunga mshambuliaji. Aliyepora mpira ni kiungo mkabaji. Kipa ameokoa penalti dakika tano kabla. Na mtunza vifaa amelala saa saba usiku akikausha jezi. Bahasha ikikabidhiwa mkononi mwa mfungaji mbele ya kamera, mechi ijayo winga atapiga shuti kutoka pembe mbaya wakati mwenzake yuko peke yake katikati.

Andikeni mgao kabla pesa haijaonekana. Kwa mfano, sehemu 60 kati ya 100 kwa waliocheza na waliokaa benchi, 20 kwa wachezaji wengine waliosajiliwa, 15 kwa benchi la ufundi, na 5 kwa mtunza vifaa, dereva na mpishi. Mnaweza kubadilisha hesabu hiyo, ila isibadilishwe baada ya mechi. Pesa yoyote ya pongezi ipitie kwa mweka hazina, na orodha ya mgao ibandikwe ubaoni ikiwa na saini ya nahodha. Na ahadi za wakubwa msiwatangazie wachezaji mpaka pesa iwe imeingia. Mwanasiasa akiahidi uwanjani asipotoa, wachezaji hawatamdai yeye. Watasema viongozi wamekula. Huo uvumi ukiingia kambini hautoki kwa maelezo, hata yawe ya kweli.

Mashabiki, msemaji na simu

Shabiki mwenye kadi ya uanachama si mtu wa nje. Hata mfumo wa uwekezaji uliokubalika kwa klabu zetu za wanachama unawaachia wao asilimia 51. Kwa hiyo msimfungie mlango, mpeni mlango unaojulikana. Viongozi wa matawi wakutane na katibu mara moja kwa mwezi, tarehe ileile, maswali yaletwe kwa maandishi siku mbili kabla, na majibu yasomwe kwenye matawi. Masuala ya uongozi na pesa ni haki yao na wajibiwe kikamilifu. Masuala ya nani aanze na nani akae benchi yaishie kwa kocha. Mazoezi ya wazi yawe siku moja kwa wiki. Siku nyingine geti lifungwe kwa wote, wakiwemo wazee wa klabu. Ukianza kumruhusu mmoja kwa heshima ya umri wake, wiki ya tatu watakuwa thelathini, na mmoja wao atamwita beki pembeni kumfundisha kukaba.

Msemaji anayejua kutamba anajaza uwanja, na kwa soka letu ni raha isiyoepukika. Ila kila tambo kabla ya mechi huongeza bei ya kufungwa, na anayelipa ni mchezaji. Mwekeeni mipaka miwili: asitaje jina la mchezaji wake kwa ubaya hata mara moja, na asiahidi idadi ya mabao.

Tangu 2021, Azam Media ilipoingia mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kurusha Ligi Kuu, kosa la dakika moja linakuwa kipande cha video mikononi mwa watu kabla mchezaji hajafika kwenye basi. Ligi za chini nazo zina simu za mashabiki. Kuwanyang'anya wachezaji simu siku nzima ni kuwatendea kama watoto, nao wataficha ya pili. Kubalianeni: simu zinakusanywa na meneja wa timu saa tatu kabla ya mechi, zinarudishwa baada ya mlo wa usiku. Aliyekosea mechi hiyo nahodha akae naye chumba kimoja usiku huo. Vijana wa chini ya miaka 20 waulizwe kila wiki, na mtu mzima wanayemwamini, kama wanalala na kama wametukanwa nyumbani kwao. Mama anayetukanwa sokoni kwa sababu ya bao alilokosa mwanawe ni presha inayofika kambini, na klabu inaweza kumtuma kiongozi mmoja akamsalimie. Fanyeni hivyo.

Woga unaogeuka desturi

Bodi ya Ligi imezitoza faini Simba na Yanga mara kadhaa kwa kuingia uwanjani kupitia mlango usio rasmi au kutovitumia vyumba vya kubadilishia nguo. Sababu kila mtu anaijua: hofu ya uchawi uliowekwa mlangoni au chumbani. Hapa sibishani na imani ya mtu. Nataka mwone jinsi presha inavyofanya kazi. Shabiki anaamini, kiongozi anaogopa kulaumiwa asipochukua tahadhari, na mwisho mchezaji anavalia jezi ndani ya basi huku akipasha misuli kwenye nafasi ya kiti. Miaka ikipita, kijana aliyesajiliwa jana anakuta huo ndio utaratibu wa klabu, na hakuna anayekumbuka nani aliuanzisha.

Presha nyingine huja ghafla. Usiku wa Machi 7, 2025, Simba ilizuiwa kufanya mazoezi kwenye Uwanja wa Mkapa kuelekea mchezo wa kesho yake na Yanga, na ikawalaumu watu wa upande wa watani wake. Ikatangaza haitacheza, Bodi ya Ligi ikaiahirisha mechi, na ligi nzima ikaingia kwenye sintofahamu hadi Juni 25, mechi ilipochezwa na Yanga kushinda 2-0. Ninyi hamtakuwa na mkasa wa ukubwa huo, lakini mtakuwa na wenu: geti limefungwa, mwamuzi ametishwa, basi limepigwa mawe. Amueni leo nani anaongea na kamishna wa mechi, nani anaandika malalamiko, na nani anakaa na wachezaji wasisikie mabishano. Ulinzi wa timu ukabidhiwe watu wanaojulikana kwa majina na wanaowajibika kwa katibu. Kundi la mashabiki waliojitolea likipewa ulinzi, baada ya muda ndilo litakaloamua nani amwone kocha.

Nisieleweke kwamba kila presha ni mbaya. Masharti ya CAF ya leseni za klabu yamezisukuma klabu kuwa na timu za vijana na za wanawake ambazo baadhi ya viongozi wasingezianzisha kwa hiari. Mwanachama anayedai hesabu zilizokaguliwa ana haki, na klabu inayomwita msaliti ndiyo yenye tatizo. Kipimo changu ni kimoja: je, presha hii inatutaka tufanye wazi kile tulichopaswa kufanya, au inatutaka tumtoe mtu mmoja ili sisi tupumue? Ya kwanza ipokeeni hata kama inauma. Ya pili isubiri saa 72.

Kama msimu wenu unaanza mwezi ujao, itisheni kikao wiki hii na msijaribu kuandika kila kitu. Anzeni na mgao wa motisha, kwa sababu ndio rahisi kukubaliana wakati hakuna pesa mezani, kisha kanuni ya saa 72, kisha utaratibu wa tuhuma. Nahodha awepo, asome kwa sauti, asaini. Nakala moja ibaki kwa katibu, nyingine ibandikwe chumba cha wachezaji, na ya tatu mpelekeeni mfadhili kwa mkono.